Hatua Ishirini Nyuma ya Mama Mkwe

Tangu turudi, kila mtu wa kikundi chetu cha kutembea anayenikuta sokoni Kitale ananishika mkono na kuniuliza ilikuwaje kule. Nimeeleza vipande vipande, na vipande hivyo vimeshaota miguu. Juzi nilisikia ati nilitupwa mtoni na mama mkwe wangu. Basi ngoja niandike yote mara moja, kuanzia siku tuliyotoka hadi tulipofika Bungoma, ili atakayeuliza tena apewe karatasi hii asome. Habari za barua kwa machifu na simu tulizopiga kwa wenyeji naziruka, hazina utamu.

Mpango mnaujua. Watu thelathini, tutembee kwa miguu kutoka Kitale hadi ufuo wa Ziwa Victoria, tukifuata njia ambayo akina mama wa upande wa mlimani waliipita zamani wakiteremsha nafaka ya wimbi na kurudi na samaki wakavu. Njia hiyo haimo katika ramani yoyote. Imelimwa, imejengwa, imekatwa na lami. Mtu pekee tuliyempata ambaye alikuwa ameipita mwenyewe ni mama mkwe wangu, Mama Robai, aliyeipita akiwa msichana mdogo, mara tatu, nyuma ya bibi yake. Kwa hiyo kabla ya kuwapeleka watu thelathini, ilibidi twende na Mama Robai tuitafute, niweke alama ya rangi nyeupe kwenye mawe na niandike kila kona kwenye daftari.

Wasio Wabukusu niwaeleze jambo moja. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai karibu. Siku hizi wengi kanisani wameliacha hilo. Mama Robai hajaliacha. Mchungaji alipowahi kumgusia, alijibu, "Nimeokoka, lakini sijasahau kwetu." Ndiyo maana mke wangu Nafula alikuja nasi. Kazi yake ilikuwa kutembea katikati.

Kitale hadi Kamukuywa

Tulitoka Kitale alfajiri, umande bado umelala kwenye mahindi. Mama Robai mbele na fimbo yake, Nafula katikati, mimi nyuma na mkoba, panga la kufyekea na kopo la rangi. Mpaka Kiminini tulikwenda vizuri. Maneno yote yalipita kwa Nafula. Mama akisema, "Mwambie baba Naliaka hapa ndipo tulipokuwa tunapumzika," Nafula aligeuka na kuniambia, ingawa nilikuwa nimesikia kila neno. Nami nilisema, "Mwulize mama kama mawe haya yalikuwepo." Ilituchekesha, na Nafula alicheka zaidi ya wote.

Mchana, tukikata kona ya shamba, mguu wa Nafula uliingia kwenye shimo la fuko. Nilisikia sauti ndogo, kama kijiti kikavu. Alikaa chini, akasema hakuna kitu, akasimama, akatembea. Tulipofika Kamukuywa kwa katekista mmoja aliyetupokea, kifundo chake kilikuwa kimevimba na kung'aa. Mke wa katekista alimkanda kwa maji ya chumvi. Tulikula ugali na mrenda, mimi sebuleni na katekista, wao jikoni, na hakuna aliyezungumza juu ya kesho.

Asubuhi kiatu kilikataa kuingia. Nikaona safari imekwisha, nikaanza kukunja vitu. Mama Robai alikuwa amesimama uani, leso imefungwa kiunoni, fimbo mkononi.

"Nafula apande pikipiki aende kwa shangazi yake Bungoma," alisema bila kunitazama. "Sisi tutamkuta huko."

"Mama, wewe na yeye peke yenu?" Nafula aliuliza.

"Yeye atakuwa nyuma. Hatua ishirini. Nikiongea atasikia."

"Si tungoje tu mguu upone? Wiki mbili tu."

"Mimi sirudi," alisema Mama Robai. "Nikirudi leo, hii njia siipiti tena."

Nilidhani anazungumzia umri. Nafula alinivuta pembeni, karibu na tangi la maji. "Usimwache hata kidogo," akasema. "Kuna kitu hajaniambia. Namjua."

Nikamwambia sitamwacha. Pikipiki ikaja, ikamchukua, na tukabaki watu wawili ambao kwa desturi hawakupaswa kubaki wawili.

Kamukuywa hadi Kimilili

Sijawahi kutembea siku ya ajabu kama ile. Mama Robai alivua viatu, akavifunga kwa kamba na kuvining'iniza begani. Alisema viatu vinamkosesha njia. Alitembea akipapasa ardhi kwa nyayo, na kila baada ya muda alisimama, akakwangua udongo kwa kidole gumba cha mguu, kisha akasema kwa sauti kubwa kuelekea mbele, kama anayehubiri kwa watu nisiowaona:

"Hapa inashuka kidogo. Kuna bonde la maji mkono wa kushoto."

Na kweli, bonde lilikuwepo. Mara nyingine alisema kuna mwamba bapa uliochimbika ambapo wanawake walisagia wimbi, na nilipofyeka majani niliukuta, umechimbika kama sahani. Sehemu moja njia ilionekana wazi kabisa: mfereji wa kina cha magoti kati ya nyua mbili, umeota nyasi, umechimbwa na miguu ya watu waliokwisha kufa zamani. Niliweka alama tatu mahali pa moja.

Kimilili tuliingia kwenye kibanda cha chakula. Mama alikaa ndani akielekea ukutani. Mimi nilikaa nje kwenye benchi. Mwenye kibanda, mama mnene mwenye aproni ya bluu, alileta chai na viazi vitamu, akatutazama mmoja mmoja.

"Mmegombana?" akaniuliza.

"Ni mama mkwe wangu."

"Aa." Akacheka polepole. "Basi nitawapelekea maneno kama mnataka."

Ni pale nilipoona Mama Robai akitafuta kikombe chake. Kilikuwa mbele yake kabisa, na mkono wake ulipita kando, ukagusa meza, ukarudi, ukakipata. Niliona. Nilijiambia ndani ya kibanda kuna giza. Ndivyo mtu anavyojiambia anapotaka safari iendelee.

Wingu lilikuwa limekaa juu ya Mlima Elgon, zito, rangi ya risasi, lakini kwetu chini jua liliwaka.

Kimilili hadi Misikhu

Siku ya tatu mvua ilitukuta mapema. Nilivaa karatasi ya nailoni niliyoitoboa tundu la kichwa, nikavuta kofia hadi kwenye nyusi. Mama alijifunika gunia. Tuliendelea hivyo, hatua ishirini kati yetu, na maji yakitutiririka.

Asubuhi ile alikosea kwa mara ya kwanza. Aliacha kichochoro kilichokuwa wazi, akaingia moja kwa moja katikati ya shamba la maharagwe yaliyoanza kuweka maua. Alikanyaga mistari mitatu kabla mwenye shamba, mwanamke kijana aliyebeba mtoto mgongoni, hajatoka mbio.

"Mama, si njia ni hiyo hapo? Hiyo hapo, kando ya mikaratusi!"

"Mikaratusi haikuwepo," alisema Mama Robai.

"Iko, mama. Mbona unakanyaga maharagwe yangu na njia iko?"

Nilimwomba msamaha kwa niaba yetu, nikainua miche niliyoweza. Alitusamehe shingo upande. Lakini nilipotazama ile mikaratusi, mirefu, minene, imepangwa kama ukuta, nilijiuliza mtu anawezaje kutoiona.

Mchana tulifika kwenye kituo kidogo kabla ya Misikhu. Vibanda vichache, duka la mbolea, akina mama wakiuza nyanya chini ya miavuli, vijana wa pikipiki wakijikinga mvua barazani. Mama Robai alipita katikati yao polepole. Nami nikaja nyuma, uso umefichwa na kofia, panga mkononi, rangi nyeupe imenitapakaa kwenye vidole. Mama alisimama, nikasimama. Mama akaenda, nikaenda.

Mkono ulinishika bega.

"Wewe. Unafuata huyu mzee wapi?"

Alikuwa kijana mrefu wa pikipiki. Nilisema, "Simfuati. Tuko pamoja."

"Pamoja aje? Tumekuona tangu kule kwa kanisa. Anasimama unasimama."

"Panga ni ya nini?" mwingine akauliza. Nyuma yake walikuwa wameshafika watano, sita. Mama mmoja wa nyanya aliinuka, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Mwezi jana kule chini kuna mzee alinyang'anywa pesa ya ng'ombe na mtu hivi hivi. Hivi hivi, na panga."

Duara likafunga. Mtu alichukua panga mkononi mwangu, na nikaliachia. Kuna ukimya fulani ambao kundi la watu huwa nao kabla ya mtu wa kwanza kurusha kitu. Mliowahi kuusikia mnaujua.

"Muulizeni mwenyewe," nikasema. "Ni mama mkwe wangu. Hatukaribiani, ndiyo maana niko mbali. Muulizeni."

Wakamfuata, wakamrudisha. Walimsimamisha mbele yangu, hatua nne au tano tu, na yule kijana mrefu akanionyesha kwa kidole.

"Mama, unamjua huyu mtu?"

Mama Robai alinitazama. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, kama kuku anayetafuta punje. Nilimwona akinitafuta na asinipate.

"Nani?" akasema.

Mtu alinisukuma kutoka nyuma. Nikaanguka kwa goti moja. Wala sikukumbuka kuvua kofia. Kilichonitoka kinywani kilikuwa jina la mjukuu wake.

"Mama, ni mimi. Baba Naliaka. Nafula ametutangulia Bungoma, mguu umevimba."

Uso wake ulibadilika mara moja. "Ai, huyo ni mkwe wangu!" akasema. "Mwacheni. Mnamfanyia nini mkwe wangu?"

Wakarudi nyuma. Yule kijana mrefu alinirudishia panga akielekeza mpini kwangu, akaniambia, "Pole, mzee. Lakini na wewe, si ungetembea kama watu." Mama wa nyanya alituletea kigoda na chai katika chupa. Alinipa mimi nyanya sita kwenye mfuko, akakataa shukrani. Nilikunywa ile chai, na sikuwa nikiwaza wao. Nilikuwa nikiwaza zile hatua nne.

Misikhu hadi Bokoli

Tulipoondoka pale nilisubiri hadi tukawa peke yetu kwenye kichochoro cha miwa. Nikasema, kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida:

"Mama, hunioni."

Aliendelea kutembea. Kisha akasema, "Nakuona ukisimama kwenye mwanga."

"Tulikuwa kwenye mwanga."

Hapo alisimama. Hakugeuka. Aliniambia kwamba ana presha ya macho, kwamba daktari amemwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinapungua. Katikati bado anaona kitundu, kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Pembeni hakuna kitu. Hajamwambia Nafula kwa sababu Nafula angemfungia nyumbani.

"Nimeandika daftari zima," nikasema. "Nimepaka mawe rangi kutoka Kitale. Watu thelathini watafuata alama hizo, mama. Wengine wana watoto."

Nilikuwa nimekasirika, na sikujua mtu anamkasirikiaje mama mkwe. Hakuna anayetufundisha.

"Ulipata mwamba?" akauliza.

"Niliupata."

"Ulipata mfereji?"

"Niliupata."

"Hiyo njia sikuijua kwa macho hata wakati huo," akasema. "Nilikuwa nimebeba mzigo kichwani. Mtoto mwenye mzigo kichwani hatazami milima. Nilikuwa naangalia visigino vya bibi yangu na kusikiliza miguu yangu. Miguu haijapofuka."

"Na maharagwe?"

"Pale nilikosea," akasema.

Tulilala Bokoli kwa mjane mmoja anayesali katika kanisa lenye undugu na letu. Alitupa githeri ya moto ya mahindi na maharagwe, na nyumba mbili tofauti bila kuuliza maswali, Mungu ambariki. Nilikuwa nimeamua kwamba asubuhi tutachukua pikipiki mbili hadi Bungoma, basi. Mama alipopelekewa habari hiyo na mwenyeji wetu, alirudisha jibu: kabla ya Bungoma umebaki mto Kuywa tu. Kuna kivuko cha mawe matatu. Akishanionyesha kivuko, atapanda hata mkokoteni.

Sasa hapa sitaki kujitetea. Ningeweza kukataa. Ningeweza kumpigia Nafula, na simu ilikuwa na chaji. Sikumpigia, kwa sababu nami nilikitaka kile kivuko. Daftari langu lilikuwa na njia nzima kutoka Kitale, na bila kivuko kungekuwa na pengo. Nikasema sawa.

Kivuko cha Kuywa

Asubuhi mbingu ilikuwa safi kama sufuria iliyosuguliwa. Miwa ilisimama pande zote mbili, mirefu kutuzidi, na njia ikashuka kuelekea mtoni. Mama Robai alikwenda haraka kuliko siku zote. Nadhani alikuwa na furaha. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa tenzi, na mimi nilifuata sauti zaidi ya mtu, kwa maana miwa ilimficha kila kona.

Kando ya njia niliwakuta wanaume watatu wachota mchanga. Walikuwa wamekaa juu ya ukingo wa njia, koleo zimechomekwa ardhini, wakila mahindi ya kuchoma.

"Habari za kazi," nikawasalimu.

"Leo hakuna kazi, bana," akasema mkubwa wao. "Usiku mvua ilinyesha huko juu mlimani. Maji inakuja. Hatuingii."

"Inakuja saa ngapi?"

"Iko njiani. Skia."

Nikasikiliza. Kulikuwa na mngurumo wa mbali, kama lori linalopanda mlima. Na sikusikia tena wimbo wa tenzi.

Nilikimbia. Miwa ilinikata mashavuni. Nilipotokea kwenye ufuo wa mto, Mama Robai alikuwa tayari ndani, maji magotini, akipapasa mbele yake kwa fimbo. Maji yalikuwa mekundu, mazito, yamebeba vijiti na povu. Mtu yeyote mwenye macho angeyaona na kurudi.

"Mama, rudi!"

"Nimelipata," akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Jiwe la kwanza liko hapa. Kaa hapo ulione."

"Maji yanajaa. Rudi sasa hivi."

Fimbo ilimtoka. Niliiona ikizunguka mara moja na kwenda. Aligeuka kunitafuta, na maji yakamgeuza zaidi, hadi akawa ameelekea kule mto unakokwenda, mikono mbele, hajui ufuo uko upande gani.

Na mimi nilisimama.

Hili sijamwambia mtu sokoni. Nilisimama ukingoni, vidole vya miguu vimegusa maji, na kitu cha zamani kuliko mimi kikanishika. Mkono wake. Mwili wake. Nilikuwa mtoto wa miaka saba nilipofundishwa kupisha njia nikimwona mama mkwe wa kaka yangu. Badala ya kuingia, nilipaza sauti:

"Njoo kwenye sauti yangu, mama. Huku. Huku."

Akanitii. Akapiga hatua kuelekea sauti yangu, na pale hapakuwa na jiwe. Alizama hadi kifuani.

Hapo niliingia. Maji yalikuwa baridi na yenye nguvu kama bega la ng'ombe. Nilimfikia kwa hatua tano, nikamshika chini ya kwapa.

"Usinishike!" akasema.

Nikamshika kwa mikono yote miwili. Alinipiga kifuani na kiwiko, mara mbili, kisha akaacha, na vidole vyake vikakamata shati langu vikalipasua. Leso yake na kitambaa chake cha kichwa vilifunguka, vikaenda na maji. Nilijaribu kurudi na sikuweza. Kila nilipoinua mguu, mto uliudai. Tulisimama pale tumekumbatiana, mimi na mama mkwe wangu, nikimsikia moyo wake, na maji yalitufika kiunoni na kuendelea kupanda.

Wale wachota mchanga walitufikia na mlingoti mrefu wa hema lao, wawili wakishikilia, mmoja akiingia hadi magotini. Nikaukamata kwa mkono mmoja. Walituvuta kama wanaovuta gogo. Tulipoanguka kwenye matope ya ufuo, yale maji makubwa ya mlimani yalifika, na mahali tulipokuwa tumesimama pakafunikwa.

Mama Robai alikaa matopeni, nywele zake nyeupe wazi, akijifunika kwa mikono. Nilivua koti langu, nikaliweka chini karibu naye, nikarudi nyuma. Nilihesabu hatua, sijui kwa nini, na nilipofika ishirini niliwapa mgongo. Mkubwa wa wachota mchanga ndiye aliyemvika.

"Kumbe hamjui kuna daraja?" akauliza. "Juu hapo tu. Dakika kumi."

Tulivuka kwa daraja.

Bungoma

Shangazi yake Nafula anakaa si mbali na msikiti, kwenye nyumba zenye uwanja mmoja, na jirani yake Mwislamu, Bi Zuhura, ndiye aliyetupokea mlangoni maana shangazi alikuwa dukani. Alimtazama Mama Robai amevaa koti la mwanamume, akanitazama mimi na shati lililopasuka. Alimshika mama mkono, akamwingiza ndani, akampa dera lake kavu na uji wa moto.

Nafula alitoka chumbani akichechemea. Nilimweleza yote uani, tumekaa kwenye ngazi. Nilimweleza habari ya macho. Nilimweleza habari ya duara la watu na ya mto. Nilipofika kwenye ule ukingo, nilisema na hilo pia.

"Nilisimama kwanza."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Si mrefu."

"Lakini ulisimama."

"Ndiyo. Nikamwita aje kwenye sauti, ndiyo akazama."

Alikuwa akiutazama mguu wake uliovimba kana kwamba ni wa mtu mwingine. Dirisha la nyuma yetu lilikuwa wazi, na ndani yake ikatoka sauti ya Mama Robai.

"Mwache, Nafula. Nami aliponigusa nilimwambia asinishike. Tulikuwa wawili."

Nafula alilia hapo, kwa sababu ya macho ya mama yake zaidi kuliko ya mto. Aliingia ndani na kukaa huko muda mrefu. Nilisikia wakizungumza, sauti moja ikipanda, nyingine ikingoja. Shangazi aliporudi na kuambiwa, alisema kugusana kumetokea na hakuwezi kuachwa hivi hivi. Akanituma nikanunue shuka jipya, akampelekea mama kwa mkono wake, akasema maneno machache ya Kibukusu mlangoni, na jambo likaisha. Ilinishangaza jinsi lilivyoisha haraka, baada ya kuwa limekaribia kumuua mtu.

Daftari lilikuwa limelowa. Nililianika kwenye jua, ukurasa kwa ukurasa, kwa siku mbili. Wino ulikuwa umesambaa hapa na pale lakini lilisomeka. Kwa hiyo, marafiki, alama za kutoka Kitale hadi Bokoli ni za kuaminiwa. Nimerudi kuzikagua na jirani mwenye macho mazuri, na tumesahihisha ile ya maharagwe. Kuywa mtavuka kwa daraja. Atakayeuliza habari ya mawe matatu, nitamwambia yapo, na nitamwambia abaki darajani.

Ilibaki sehemu ya ziwa. Mama Robai asingekwenda tena, hilo Nafula alilisema na halikuwa na mjadala. Basi jioni ya mwisho, kabla jua halijatua, mama alikaa ndani ya nyumba nyuma ya pazia la mlango, mimi nikakaa nje ukumbini, Nafula akakaa kizingitini, na mama akaanza kunisimulia njia. Kutoka Bungoma kuelekea machweo. Mahali pa kulala. Mahali ambapo harufu ya samaki inakufikia kabla hujaona maji. Ukifika ufuoni, maji yawe mkono wako wa kushoto, utembee mchangani hadi kwenye mawe makubwa yanayoingia ziwani, ndipo walipokuwa wanaanika samaki. Niliandika yote kwa kalamu, haraka, nikimwuliza hili na lile, naye akijibu bila kusita, sauti yake imara, hadi nikaanza kuuona mchanga wenyewe.

Ghafla alinyamaza. Tukadhani amechoka.

"Hiyo ya mawe," akasema nyuma ya pazia. "Umeiandika kwa kitu gani?"

"Kwa kalamu, mama."

"Ifute. Iandike kwa penseli. Huenda nimeichanganya na mahali pengine."

Nafula aliinuka, akaenda kumwomba Bi Zuhura penseli. Niliukata mstari wa mawe makubwa, nikauandika upya chini yake, polepole, na Mama Robai alingoja hadi niliposema nimemaliza, ndipo akaendelea.